Kabla ya Kuhesabu, Tujue Tunachohesabu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule yetu)



Mwenyekiti aliponiandikia aliniomba niseme machache juu ya utafiti wa mambo ya jamii, kazi niliyoifanya tangu nilipotoka hapa mpaka nilipostaafu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno yangu. Lakini jana jioni Katibu wetu alinionyesha karatasi ya maswali ambayo Kamati imeitayarisha, ile itakayogawiwa kwa wanafunzi wote ili tujue kwa nini vijana wengi wa vijiji vya hapa jirani wanaacha shule kabla ya kufika kidato cha nne. Majibu yakishahesabiwa, ndipo tutaamua fedha tulizochanga zitumike vipi. Nimeisoma karatasi hiyo mara mbili, nikaona ni lazima niyabadili mazungumzo yangu. Naomba wanakamati mnivumilie, kwani nia yenu ni njema na kazi mliyoifanya si ndogo.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nilipata kibarua cha likizo cha kuhoji watu vijijini. Nilipewa rundo la karatasi zilizopigwa chapa, kalamu mbili, na maagizo kwamba nisiongeze swali wala nisipunguze. Swali la nne lilisema: "Una kazi?" Chini yake palikuwa na visanduku viwili, "ndiyo" na "hapana". Asubuhi moja nikafika kwa mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, akanikaribisha kwenye kigoda. Nilipofika swali la nne akajibu upesi, "Sina kazi, mwanangu." Nikatia alama kwenye "hapana", nikashukuru, nikaenda zangu.

Jioni, nikirudi nina kiu, nilipita palepale kuomba maji. Nikamkuta amezungukwa na ukindu, mkeka mkubwa umefika nusu, na watoto wawili wanasubiri kupeleka maandazi kituo cha basi. Katika mazungumzo nikajua kwamba chakula cha nyumba ile, sare za watoto na hata dawa za mzee wake vilitoka katika mikono yake. Nikamwuliza, "Mama, mbona asubuhi uliniambia huna kazi?" Akacheka sana. "Mwanangu, wewe uliuliza kazi. Kazi ni ile ya mshahara. Mimi hii ni shughuli yangu tu, nahangaika."

Nilikaa kimya. Katika rundo langu palikuwa na karatasi nyingi za akina mama, na karibu zote zilisema "hapana". Sikusema uongo, nao hawakunidanganya. Swali lenyewe liliandikwa na mtu ambaye hakujua neno "kazi" lina maana gani kijijini pale. Hesabu zilijumlishwa kwa uangalifu mkubwa, na zote zilikuwa za bure.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna utafiti wa namna mbili, na kwamba mmoja sharti umtangulie mwenzake. Uko utafiti wa kupima: wangapi, kiasi gani, kundi gani limezidi lingine. Huo unahitaji maswali yaliyokwisha kupangwa na majibu yanayohesabika. Na uko utafiti wa awali, ambao kazi yake ni kutafuta njia mahali ambapo bado hatujui hata la kuuliza. Watu wengine hudhani utafiti wa awali ni kule kuijaribu karatasi ya maswali kwa watu wachache ili kuona kama inaeleweka. Hapana. Hilo ni jaribio la karatasi iliyokwisha kuandikwa. Utafiti wa awali hufanywa kabla karatasi haijaandikwa.

Nitatoa mifano miwili ya watu walioufanya vizuri.

Wa kwanza ni wa Austria. Karibu na Vienna kuna kijiji kiitwacho Marienthal, ambacho watu wake waliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kati ya 1929 na 1930 kiwanda kilifungwa, na sehemu kubwa ya kijiji ikakosa ajira. Kikundi cha watafiti vijana, miongoni mwao Paul Lazarsfeld, Marie Jahoda na Hans Zeisel, walikuwa na fikra ya kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyotumia saa zao za mapumziko. Otto Bauer, kiongozi wa chama cha kisoshalisti, akawaambia kwamba ni upuuzi kuchunguza mapumziko wakati watu hawana kazi; wachunguze ukosefu wa kazi wenyewe. Wakakubali kulitupa swali lao la kwanza. Huo ni ujasiri ambao wasomi wengi hatunao.

Wakaingia Marienthal majira ya baridi ya 1931 na 1932. Kijiji kilikuwa na familia 478. Hawakuingia na dodoso moja mkononi. Waliweka sharti kwamba mtafiti yeyote asiwe mtazamaji tu. Kila mmoja alitakiwa awe na jambo la kuwafaa wenyeji. Wakakusanya nguo za baridi na kuzigawa, wakapitia nyumba kwa nyumba kuuliza kila familia inahitaji nini, na katika maulizo hayo ya nguo wakasikia habari za maisha. Wakaleta daktari. Wakafungua mafunzo ya kushona. Wakapitia daftari za maktaba ya wafanyakazi. Wakaomba watu waandike wameitumiaje siku yao, saa kwa saa. Mtafiti mmoja alikaa dirishani akiwa na saa, akipima mwendo wa wapita njia.

Waliona nini? Wakati ule wengi walitarajia kwamba watu wasio na ajira wangekuwa na hasira na kuasi. Na ungefikiri kwamba mtu mwenye muda mwingi angesoma zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Wanaume walitembea polepole kuliko wanawake, wakisimama simama njiani, maana hawakuwa na pa kwenda. Wanawake walikuwa bado na nyumba za kutunza. Watu hawakuasi, walichoka na kukata tamaa. Kitabu chao kilitoka 1933, na mpaka leo husomwa na kila anayetaka kujua kukosa kazi kunamfanyia nini binadamu. Je, dodoso lililoandikwa Vienna lingekuwa na swali la mwendo wa miguu?

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Kati ya 1965 na 1968 kijana wa Kiingereza, Keith Hart, aliishi katika mtaa wa Nima, mjini Accra, Ghana, miongoni mwa watu waliohamia kutoka kaskazini ya nchi. Vitabu vya uchumi vya siku zile vilisema kwamba miji ya Afrika imejaa watu wasio na kazi. Hart alikuwa akiwaona watu haohao kila siku, wala hakumwona aliyekaa bure. Huyu anauza, yule anashona, mwingine anakopesha, mwingine ana kazi ya mshahara asubuhi na biashara yake jioni. Kipato chao kilikuwa kidogo na hakikutabirika, lakini walikuwa wakifanya kazi. Mwaka 1971 alieleza mambo hayo katika mkutano wa wataalamu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na makala yake ikachapishwa 1973. Yeye ndiye aliyeitenga ajira rasmi na ajira isiyo rasmi.

Fikra hiyo ilifika kwa jirani zetu Kenya upesi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa ripoti juu ya ajira nchini humo. Tatizo kubwa, ilisema ripoti, halikuwa watu wasiofanya kazi tu, bali pia watu wengi wanaofanya kazi kwa bidii na wakabaki maskini. Ikawatetea mafundi na wachuuzi ambao vibanda vyao vilikuwa vikibomolewa na wakuu wa mji. Mafundi wale waliokuwa wakigonga mabati juani ndio walioitwa baadaye jua kali. Leo, katika takwimu za serikali ya Kenya, ukiacha kilimo kidogo kidogo, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi wamo katika sekta isiyo rasmi. Halaiki hiyo yote ingehesabiwaje na mtu ambaye karatasi yake ina visanduku viwili tu?

Nasi hapa kwetu tumeyaonja. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, na jijini Dar es Salaam watu walikamatwa na kusafirishwa kwenda vijijini kwa sababu hawakuweza kuonyesha kwamba wana kazi inayotambuliwa. Wengine walikuwa wachuuzi wanaolisha familia. Miaka minane baadaye, 1991, taifa lilifanya utafiti wa sekta isiyo rasmi, na watu walewale waliokuwa wakiitwa wazururaji wakapata mahali katika hesabu za nchi. Kwa hiyo msidhani ninazungumzia mambo ya wasomi. Kisanduku kibaya katika karatasi kinaweza kumpandisha mtu lori.

Sasa utafiti wa awali hufanywaje? Nitaeleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza vijana wangu wa kazi.

Kwanza, soma na uliza yaliyokwisha kujulikana. Daftari la mahudhurio, kumbukumbu za mikutano, barua za wazazi: vyote hivyo ni mashahidi wanaosubiri kuulizwa.

Pili, zungumza na watu wachache kwa muda mrefu. Usiwachague kwa bahati nasibu. Wachague kwa kuwa wanatofautiana: aliyefaulu na aliyeshindwa, tajiri na maskini, anayekaa karibu na anayekaa mbali. Waache waseme, nawe uandike maneno yao kama walivyoyasema. Kama mama kasema "shughuli", andika "shughuli", usiigeuze ikawa "kazi".

Tatu, tazama. Mdomo husema lililo sahihi kusemwa. Miguu na mikono husema lililopo. Kumbukeni yule mtafiti wa dirishani.

Nne, jihadhari na barabara ya lami. Robert Chambers, aliyewahi kuwa mtawala nchini Kenya kabla ya kuwa mtafiti, aliandika katika kitabu chake cha 1983 kwamba wageni wanaokwenda kuuona umaskini wa vijijini hufika wakati wa kiangazi, hupita barabara kuu, huzungumza na wanaume na wakubwa, kisha hurudi mjini kabla ya giza. Maskini wenyewe wako mbali na barabara, na wanapata shida zaidi wakati wa mvua, ambapo gari halipiti.

Tano, ujue pa kusimama. Barney Glaser na Anselm Strauss, Wamarekani waliochunguza jinsi wagonjwa mahututi wanavyohudumiwa hospitalini, walitoa kitabu 1967 wakafundisha kwamba unapoona mazungumzo mapya hayakuletei jambo jipya, hapo umefika. Idadi haipangwi ofisini.

Sita, na hili ndilo gumu, uwe tayari kuliacha swali ulilokuja nalo. Marja-Liisa Swantz wa Finland, aliyeishi miaka mingi kati ya Wazaramo, pamoja na wenzake, walikwenda mbali zaidi. Katika mradi wa Jipemoyo, ulioanza 1975 katika eneo la Bagamoyo, wanakijiji wenyewe walishirikishwa kuchunguza matatizo yao, badala ya kuchunguzwa tu.

Lakini nisije nikawauzia dawa ya kila ugonjwa. Utafiti wa awali una mipaka yake, na asiyeiheshimu hupotosha watu. Hauwezi kukuambia ni wangapi. Ukizungumza na watu kumi na wawili, na saba wakakuambia jambo moja, huna ruhusa ya kusema kwamba zaidi ya nusu ya wilaya wanafikiri hivyo. Tena ni rahisi mno kuona unachotaka kuona, hasa kama umekwisha kulipenda jibu. Kwa hiyo mwisho wa utafiti wa awali hupati jibu. Unapata swali lililo bora. Baada yake ndipo dodoso, sampuli na hesabu huja kufanya kazi yao, na hapo hufanya kazi vizuri.

Na sasa narudi kwenye karatasi yetu.

Karatasi inamtaka mwanafunzi achague sababu moja kati ya tano: ada, uvivu, bangi, wazazi kutojali elimu, na umbali. Nawauliza, ndugu wanakamati: sababu hizo tano zimetoka wapi? Zimetoka vichwani mwetu sisi, watu tulioondoka hapa miaka mingi iliyopita. Ada katika shule za sekondari za serikali ilifutwa tangu 2016 mpaka kidato cha nne, nasi bado tumeiweka ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyotutesa sisi. Sisemi kwamba hakuna gharama nyingine. Nasema hatujaziuliza kwa majina yake.

Liko na kubwa zaidi. Karatasi itagawiwa darasani. Vijana wanaokaa darasani ni wale ambao hawakuacha shule! Tutawauliza waliobaki kwa nini wenzao wameondoka, na wale walioondoka hawatakuwa na hata sauti moja katika hesabu yetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jana nilifika mapema kabla yenu, nikakaa langoni na mlinzi. Sikuwa na dodoso. Nilimwuliza habari za hali ya hewa na za mashamba. Katika kuzungumza akaniambia, bila ya kuulizwa, kwamba yeye hujua korosho zimeanza kudondoka kwa kuangalia lango: vijana wanaoingia asubuhi hupungua. Wengine hurudi msimu ukiisha. Wengine, alisema, wakirudi wanakuta wameachwa nyuma sana katika masomo, wanaona haya, basi hawaji tena.

Neno "korosho" halimo katika karatasi yetu. Wala neno "haya".

Sisemi mlinzi amelimaliza jambo. Neno la mtu mmoja si ushahidi. Ni mlango, na mlango hufunguliwa ili kuona kilichomo ndani. Huenda ndani hamna kitu. Lakini kama kuna ukweli hata kidogo, basi bweni tunalotaka kulijenga huenda lisimsaidie kijana huyo hata siku moja. Huenda anachohitaji ni mwalimu wa kumfundisha wiki nne jioni, msimu ukiisha, ili asione haya kurudi. Hilo lingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha tulizochanga. Au huenda linahitajika jambo la tatu ambalo mimi na ninyi hatujalifikiria.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Naomba karatasi hii isigawiwe Jumatatu, iwekwe kabatini kwa muda. Naomba wanachama wanne wanaokaa karibu watoe Jumamosi mbili, waende vijijini wawatafute vijana kumi au kumi na wawili walioacha shule, wazungumze nao na mama zao, kisha wazungumze na mpishi, na mlinzi, na vijana wa bodaboda pale njia panda, ambao nina hakika baadhi yao walikuwa wanafunzi hapa. Wasiende kwa gari la Mwenyekiti. Waende kwa miguu. Na tatu, naomba ninyi vijana mliomo humu ndani mwaende pamoja nao, maana ninyi mnaijua lugha ya wenzenu kuliko sisi wazee. Wakirudi, tukae, tuandike karatasi mpya, ndipo tuhesabu.

Mimi niko tayari kuwa mmoja wa wale wanne. Magoti yangu si mazuri, lakini yatafika.

Yule mama wa mkeka alinipa maji, na nilipotaka kuondoka akaniuliza, "Sasa utaifuta ile alama?" Nilimwambia kwamba maagizo hayaniruhusu. Hiyo ndiyo aibu ninayotembea nayo mpaka leo. Karatasi yetu sisi bado haijagawiwa, na hapa hakuna maagizo yanayotuzuia.